Vikopo vya Mwenyekiti

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mteremko huu ulio juu ya Karatina, wake kwa waume, wenye mashamba na wenye kukodi, pamoja na ng'ombe wote wanaokunywa maji ya mto, kwamba Mzee Wamae, Mwenyekiti wa Kamati ya Usafi wa Mto, aliyeapa mbele ya padri na mbele ya kipaza sauti kwamba hata karatasi ya peremende haitapita mtoni yeye akiwa hai, amekuwa mnywaji wa kahawa. Simameni. Wenye kofia wavue.

Haya, kaeni. Habari yenyewe si ya kusimamiwa.

Mgeni atauliza ajabu iko wapi, mkulima wa kahawa kunywa kahawa. Ajabu ni kwamba kwetu hakuna anayekunywa. Kahawa inachumwa, inapelekwa fakitori, inamenywa, inateremka na lori kupitia Sagana, na huko iendako ni shauri yake. Nyumbani tunakunywa chai ya maziwa, iliyochemshwa mpaka ikakasirika. Wamae alikuwa amepalilia kahawa tangu ujana wake bila kujua ladha yake, kama askari jela asiyejua gereza lina chakula gani.

Kisha Krismasi binti yake Lynn akaja na mashine. Ofisi yao ya Nairobi ilikuwa imenunua mpya, hii ya zamani wakampa. Unatumbukiza kikopo kidogo chekundu kinachong'aa, chenye kahawa ndani, unabonyeza, mashine inanguruma kama mzee anayesafisha koo kabla ya hotuba, halafu inatoa kahawa ya kulowesha masharubu tu. Kikopo unatupa. Kila kikombe na kikopo chake.

Ngendo, mkewe, aliinama akachungulia kikombe.

"Hiyo kelele yote ni ya hiyo tu? Ng'ombe yangu ikinifanyia hivyo naiuza."

Akarudi jikoni kwa chai yake. Wamae akanywa. Akalamba masharubu. Akanywa tena. Yaani hiki ndicho alichokuwa akikipeleka fakitori miaka yote hiyo, mgongoni mwa mkewe?

Januari stima ilipotea siku mbili, na iliporudi Wamae alitangaza, kwa huzuni ya mtu aliyefiwa, kwamba mashine ya Lynn imeungua. Ngendo alisema pole. Mashine haikuwa imeungua hata waya. Ilikuwa imehamia stoo, mahali kamati ilipoweka reki, gambuti na bango kubwa jeupe lililoandikwa: ULICHOKUJA NACHO, RUDI NACHO. Ufunguo wa stoo ulikaa mfukoni mwa Mwenyekiti. Kila asubuhi, Ngendo akiwa anakamua, Mwenyekiti aliingia humo "kukagua vifaa".

Maboksi aliyanunua Nyeri mjini, akisingizia mikutano ya mazingira. Bei hakutaka kuifikiria. Ilimfuata yenyewe siku moja alipomwona Ngendo akipanda kutoka shambani na debe kichwani, akiburuta lile goti lake bovu. Kikopo kimoja kilikuwa karibu bei ya kilo nzima ya kahawa nyekundu. Kilo nzima, iliyochumwa punje kwa punje, kwa kulowesha masharubu mara moja. Alimtua debe siku hiyo, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Baba Lynn, uko mgonjwa?" Ngendo akamwuliza.

"Ati mtu hawezi kusaidia bibi yake?"

"Anaweza. Ndio nauliza kama uko mgonjwa."

Lakini pesa huisha zikasahaulika. Vikopo haviishi. Kwenye shimo la takataka Ngendo huchoma moto, na vikopo haviungui. Vinakaa kwenye majivu vikikukodolea macho. Mtoni, Mungu apishe mbali. Na huyu ndiye Wamae aliyewahi kuinua karatasi ya mkate mbele ya kanisa zima, akaitikisa, akasema, "Watiri, hii ni yako, nimeiokota kwa maji!" Watiri, mama mwenye kibanda cha mboga karibu na daraja, alitaka ardhi ipasuke. Kwa hiyo Mwenyekiti alivitia vikopo vyake kwenye gunia, gunia likawa linanenepa nyuma ya mlango, likinuka ukungu.

Alijaribu kuvitoa kwa heshima. Alibeba mfuko mmoja hadi mtaa wa Majengo, mjini, kwa Junaid, mnunuzi wa vyuma chakavu. Junaid alikipasua kikopo kwa kucha, akanusa.

"Mzee, juu kuna karatasi ya bati, ukingoni kuna mpira, katikati kuna matope. Sasa hii nipimie kama nini?"

"Pima tu vile iko."

"Nikipima vile iko, nitakuwa nimenunua matope. Enda utoe hayo, uoshe moja moja, ndio tuongee." Kisha akamkazia macho. "Ngoja. Wewe si ndio ule mzee wa mto? Ulituhutubia hapa siku ya kupanda miti! Njooni muone, mzee wa mto ameleta—"

Mzee wa mto alikuwa tayari ameshafika stendi, na mfuko wake.

Ndipo akapata wazo. Kuna shimo nyuma ya fakitori ambamo maganda ya kahawa humwagwa yakioza. Lina kina, linanuka, hakuna anayelichungulia. Ni kweli kwamba mvua kubwa ikinyesha shimo hilo hufurika kuelekea mtoni, na aliyeandika barua tatu za kulilalamikia ni Wamae mwenyewe. Alijiambia mvua kubwa si kila siku.

Siku ya kuchuma ilipofika alivishindilia vikopo kwenye kitako cha gunia la kahawa, akafunika juu kwa kahawa aliyoiba kwenye debe la mkewe, akafunga kamba, akaliweka mlangoni mwa stoo. Mpango ulikuwa alibebe mwenyewe. Akaingia nyumbani kuvaa koti. Alipotoka, mlango wa stoo ulikuwa mtupu, na chini kule barabarani pikipiki ilikuwa inateremka na magunia matatu, Ngendo ameketi nyuma ya dereva.

Wamae hakuwa amekimbia tangu enzi za shule. Alikimbia.

Fakitori ina utaratibu wake. Hupimi kahawa kabla hujaimwaga yote juu ya turubai, mbele ya macho ya watu, ukachagua mbichi, majani na vijiti ukavitoa. Wamae alipofika akihema, Ngendo alikuwa amemaliza magunia mawili, na watu walikuwa wakiyasifu: kahawa safi, nyekundu tupu. Alikuwa anafungua kamba ya la tatu. Kulikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Wamae akaipima nafasi hiyo, akaiacha ikapita.

Kahawa ikamwagika. Kisha vikopo vikamwagika juu ya kahawa, vyekundu juu ya nyekundu, vikigongana, na ukungu wao.

Kinyua, karani wa mizani, aliweka kalamu sikioni.

"Mama Lynn. Hii ni nini?"

"Sijui."

"Hujui na ni gunia yako? Unatuwekea vyuma ndio mizani ipande?" Sauti yake ikaanza kupanda pia. "Msimu uliopita kuna mtu aliweka mawe hapa, na mliona vile jina lake lilisomwa kwa mkutano. Kahawa yako ya leo sipimi. Yote. Na jina napeleka kwa kamati ya fakitori."

"Kinyua, mimi nimeleta kahawa hapa tangu ukiwa kwa mgongo ya mama yako. Umewahi kuona jani kwa kahawa yangu?"

"Naona bati leo."

Wote wakageuka kumtazama Wamae, mume wa mtu na Mwenyekiti. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kipaza sauti.

"Kuna watu wabaya sana siku hizi. Wanatupia wengine takataka kwa magunia."

Alipoisikia mwenyewe, alitamani kuirudisha. Lakini alikuwa ameshaisema.

"Kweli kabisa," Watiri akajibu kutoka turubai la pili, mikono kiunoni. "Lakini si wewe ni bingwa? Karatasi yangu ya mkate uliijua ikiwa imelowa. Hebu nusa hizi utuambie ni za nani."

Watu wakacheka. Ngendo hakucheka. Alikuwa amepiga goti lake bovu chini, taratibu, akishikilia hewa, na akaanza kuokota vikopo kimoja kimoja na kuvitia kwenye aproni, kwa vidole vilevile na kwa namna ileile anavyochuma. Hakumwangalia mtu. Alikuwa anasafisha kahawa yake ili kama wangebadili nia wakaipima, iwe safi.

"Ni zangu," Wamae akasema.

"Sema na kipaza," Watiri akamwambia.

"Nimesema ni zangu! Mama Lynn hajui kitu."

Kinyua akakunja uso. "Zako za nini?"

"Za kahawa."

"Kahawa gani?"

"Ya kunywa."

"Wewe? Unakunywa kahawa?" Ungedhani amekiri kunywa dawa ya kunyunyizia wadudu. "Na gunia ilikuwa inaenda wapi?"

Wamae akaonyesha kwa kidevu upande wa shimo la maganda. Hapo hata kicheko kilikatika. Kila mtu pale aliwahi kutozwa faini au kuaibishwa na huyu mtu kwa ajili ya mto ulio chini ya shimo lile. Watiri alikuja, akaokota kikopo, akamwekea mkononi, akauinua mkono wake juu kabisa, watu wote wakione. Akaushikilia huko kwa muda. Kisha akarudi kwenye turubai lake.

Kinyua alikubali kuipima kahawa ya Ngendo, mradi ichaguliwe upya yote, magunia yote matatu. Mume na mke wakapiga magoti pande mbili za turubai. Wamae alitoa vikopo, akatoa hata ukungu kwa kucha, akifuta punje kwenye suruali. Mara mbili alianza kusema samahani na mara mbili neno lilikwama, kwa sababu Ngendo hakuwa amemwuliza chochote, na ni vigumu kujibu mtu asiyeuliza.

Turubai lilipokuwa karibu safi, Ngendo akachukua kikopo cha mwisho, akakigeuzageuza, akachungulia ndani kama alivyochungulia kikombe kile cha Krismasi.

"Baba Lynn."

"Mama."

"Mimi nimechuma hii kitu tangu unioe. Sijawahi onja. Wewe umekunywa mpaka ukajaza gunia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Hebu niambie tu. Iko aje?"

Wamae akafikiri kwa dhati. Akakumbuka stoo, mlango uliofungwa kwa ndani, sikio lake likitegea ndoo ya maziwa.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nakunywa haraka."