Kiswahili Tu Ndani ya Nyumba Hii

Mimi nina mdomo, na sijawahi kukataa. Nilipokuwa nauza mitumba sokoni, wenzangu walikuwa wakisema mteja akinipita bila kusimama basi huyo ni kiziwi. Kwa hiyo mwanangu wa kwanza alipofikisha miaka miwili na nusu bila kutamka neno hata moja la kueleweka, niliona Mungu ananitania, na utani wenyewe sikuupenda.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Sokon I, nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo nyuma. Mimi ni Mchaga. Mume wangu ni Mwarusha wa kule juu Olmotonyi, wakati huo dereva wa kampuni ya watalii, mtu wa kuondoka Jumatatu na kurudi siku asiyoijua hata mwenyewe. Mama yake alikuja kukaa nasi nilipojifungua, akaja na mbuzi wa maziwa kwa ajili ya mjukuu wake. Alikuwa anaongea Kiarusha, ambacho mtu wa nje atakuambia ni Kimaasai tu, na Kiswahili cha kumtosha kununua chumvi gulioni Ngaramtoni. Mimi mtoto nilimbembeleza kwa Kichaga, na nikikasirika niligomba kwa Kichaga hicho hicho. Na mume wangu tuliongea Kiswahili. Binti yetu alikaa katikati ya hayo yote akitutazama midomo kwa zamu, kimya.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu tulivyozoea kuvipangia foleni vilijaa madukani, na shule za chekechea za Kiingereza zilifunguliwa hata kwenye magereji ya watu. Jirani yangu alikuwa na mtoto aliyezaliwa miezi minne baada ya wangu, na huyo alikuwa anaimba nyimbo za Kiingereza ukutani kwetu asubuhi na jioni. Namshukuru mama yake, hakuwa mtu wa kuringa. Alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi. "Usijali, mama," aliniambia siku moja tukianika nguo. "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Nikamjibu kwamba huo mshindo basi uje, mimi nimechoka kuusubiri.

Niliogopa. Naandika hivyo wazi kwa sababu wakati ule niliificha hofu kwa ukali. Nilimpeleka kliniki, muuguzi akapiga kopo nyuma ya kichwa chake, mtoto akageuka. Masikio mazima. Mteja mmoja sokoni akaniambia ulimi wake umeshikwa chini, apelekwe kwa mzee fulani aukate kidogo. Nilirudi nyumbani nikamlaza mtoto juani mapajani mwangu, nikampanua mdomo kwa vidole viwili na kuchungulia chini ya ulimi. Sikuona kitu. Nikachungulia tena kesho yake, na keshokutwa. Ikafika mahali akiniona tu nimekaa juani, anafumba mdomo.

Mume wangu aliporudi safari nilimweleza yote. Akacheka kidogo, akasema, "Atasema akiwa na la kusema." Nilitamani kumpiga na mwiko.

Oktoba nilimpeleka kwenye usaili wa chekechea, mimi na yeye tumevaa nguo za kanisani. Mwalimu mkuu, mama mmoja nadhifu, alimwuliza jina lake kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mwanangu alimsogelea, akamwinamishia kichwa kama watoto wa Kiarusha wanavyowasalimia wakubwa, akasubiri aguswe utosini. Mwalimu hakumgusa. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaniuliza nyumbani tunaongea lugha ngapi.

"Tatu," nikasema, na nilisema kwa kujivuna kidogo.

"Basi ndiyo tatizo, mama. Mnamchanganya mtoto. Chagueni moja." Akaniambia nimrudishe Januari, na kama atakuwa bado vile vile, wao hawataweza kumpokea. Kisha akapunguza sauti akanitajia kwamba kuna vituo vya watoto wenye matatizo, si vibaya nikaanza kuulizia. Nilitoka pale na mkoba wazi, nimesahau kuufunga.

Jioni ile ile, chakula hakijaliwa, nilitangaza. Kuanzia leo, Kiswahili tu ndani ya nyumba hii. Kichaga changu nakiweka pembeni, na wengine nao waweke vyao. Mama mkwe alikuwa anatuangalia akijua kuna jambo, asijue ni lipi. Ikabidi mume wangu amtafsirie, na hicho ndicho kilichokuwa Kiarusha cha mwisho nilichokisikia mezani pangu. Mama alisikiliza hadi mwisho. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kummegea mtoto ugali.

Niseme ukweli, nilitegemea atabisha. Angebisha tungegombana, na ugomvi mimi nauweza. Lakini alitii. Kiswahili chake kilikuwa cha chumvi na sukari, basi akawa mtu wa chumvi na sukari. "Njoo." "Kula." "Lala." Mimi nami nilijikuta nimepungukiwa, kwa sababu kukasirika kwa Kiswahili sanifu ni kazi, na kumbembeleza mtoto kwa lugha uliyofundishiwa hesabu ni kazi zaidi. Mume akiwa safarini, nyumba ilikuwa kimya hadi unasikia mbuzi akitafuna.

Kila nikirudi kutoka sokoni nilimkalisha binti yangu kwenye mkeka. Hiki ni kijiko. Sema, ki-ji-ko. Hii ni sahani. Alinitazama kwa adabu zote. Wakati mwingine alikichukua kijiko akanipa, akidhani ndicho ninachotaka. Novemba ikaingia. Nikaanza kuamka usiku, nahesabu wiki zilizobaki, nawaza watu wa kwetu Kilimanjaro watakavyosema Krismasi, nawaza hicho kituo, nawaza ni dhambi gani niliyotenda. Kanisani niliomba neno moja tu. Nilimwambia Mungu hata likiwa tusi, nitalipokea.

Siku moja mvua za vuli zilitufukuza sokoni mapema. Nilifunika bidhaa kwa turubai na kurudi nyumbani saa nane, saa ambayo sikuwahi kuonekana huko. Mbele ya nyumba palikuwa tope tupu, nikazungukia nyuma, kwenye banda la mbuzi.

Nikasikia mtoto anaongea. Nilijua ni mtoto wa jirani, nikakasirika kwamba wangu amekaa bubu wakati wa wenzangu wanakuja kupiga soga hadi bandani kwangu. Aliongea mfululizo, kwa kukaripia, anapanda na kushuka, sauti yenye mkwaruzo kidogo kama ya mtu mzima aliyeamka. Katikati yake sauti ya bibi ilijibu kwa kunong'ona. Kilikuwa Kiarusha. Nikachungulia.

Alikuwa mwanangu. Alisimama mbele ya mbuzi amemnyooshea kidole. Miaka karibu mitatu nilikuwa nimemzaa, na sauti yake sikuitambua.

Mbuzi ndiye aliyeniona kwanza, akalia. Mtoto akageuka, akaniona. Mdomo ukafungwa pale pale.

Mama mkwe alisimama kwa haraka hadi kibuyu cha maziwa kikaanguka. "Nisamehe, mwanangu," akaniambia kwa Kiswahili. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu milimani huko hawahesabiki, ananiomba msamaha mimi bandani mwa mbuzi aliyemleta yeye. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka pia kupiga kelele, kucheka, kumkumbatia mtoto na kumtikisa. Na chini ya yote hayo kulikuwa na wivu, sitaficha, wivu mbaya kabisa.

"Tangu lini anaongea, Mama?"

Akanionyesha kwa mkono, nyuma, nyuma sana.

"Mbona hamkuniambia?"

Aliinama akaokota kibuyu. Na kweli, angeniambia kwa lugha gani.

Nikamwuliza sasa hivi mtoto alikuwa anasema nini. Mama mkwe aliangalia chini. Alitafuta maneno, akayapata moja moja. "Anaambia mbuzi, nyamaza. Anaambia, usilie hapa. Mama atasikia."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani ya mbuzi na gauni langu la kazi. Miezi ile yote nilidhani hajajifunza kitu kutoka kwangu. Januari, shule, karatasi ya mwalimu, vyote viliniondoka kichwani. Nilikuwa nataka jambo moja, aendelee kuongea nikiwa pale, hata nisielewe.

"Nifundishe, Mama," nikasema. "Nimwambieje aendelee kusema?"

Aliniangalia kwanza kuona kama nina utani. Kisha akanitajia neno, polepole. Nikamgeukia mwanangu nikalitamka kwa Kiarusha. Lilitoka limepinda, lakini alilielewa, nilimwona macho yakimtoka. Akatupa jicho upande wa nyumba, kuhakikisha hakuna anayekuja. Halafu akanikimbilia, akaniziba mdomo kwa viganja vyake vyote viwili.