Neno Moja la Kizungu na Shamba la Baba Tekla

Mwanangu, siku ile naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na ndoa yangu ilichezewa ngoma siku mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, nimerudi Mchombe kwa shangazi aliyenilea, na kijiji kizima kilisema binti wa pale anajua Kizungu. Anajua! Nilijua kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kuimba wimbo mmoja wa shule. Lakini niliwaacha waamini hivyo, maana sifa ni tamu bwana.

Asubuhi hiyo alikuja bwana mmoja na pikipiki, shati jeupe, viatu havina tope. Bonde la Kilombero, masika, viatu havina tope! Alitaka mashamba ya mpunga. Alisema anakodi kwa msimu, kama sisi wenyewe tulivyozoea kuazimana: unalima, unavuna, unamrudishia mwenyewe, na mdomo unatosha. Ila yeye alikuwa na karatasi, na karatasi yenyewe ya Kizungu.

Alianzia kwa jirani yetu Baba Tekla, mzee mpole mwenye ekari mbili na watoto sita. Baba Tekla akaniita. "Hebu nisomee, binti yangu, wanasemaje hapa?"

Nikasoma mpaka nikafika kwenye neno 'keep'. Shuleni kulikuwa na kibao bustanini chenye neno hilo, na mwalimu alituambia ni habari ya kutunza usafi. Nikasema, "Atalitunza shamba." Moyoni niliona haikai sawa. Lakini watu walikuwa wamenizunguka, wananitazama mdomoni, ningesemaje sijui? Baba Tekla akachovya kidole kwenye wino, akabonyeza.

Kisha yule bwana akaja kwetu. Sasa shangazi yangu alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja anakuuliza unataka nini. Alimwambia aiache karatasi, atajibiwa kesho. Yule bwana hakupenda, akasema ana haraka.

"Haraka ni yako," shangazi akamjibu. "Shamba ni langu."

Akanikalisha, nikamsomea. Akaenda kupeta mchele, akarudi, akasema soma tena. Kesho yake asubuhi, kabla hata sijanawa uso, soma tena. Nilipomaliza aliichukua karatasi mkononi mwangu.

"Hilo 'kip'," alisema. "Jana mara ya kwanza lilikuwa kutunza. Mara ya pili likawa kukaa nalo kidogo. Leo limekuwa kulilinda. Unalijua au unanibabaisha?"

Nikaanza kulia. "Sijui, shangazi."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alijifunga kitenge, tukapanda basi hadi Ifakara, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa Mlabani. Mwalimu akasoma, akafungua kamusi yake kuukuu, akasoma tena.

"Mama, huyu hatunzi kitu," alisema. "Msimu ukiisha anabaki na shamba. Ni lake na la watoto wake." Kisha akanigeukia mimi. "Neno hili lina kazi nyingi, binti. Ukilikuta, soma yaliyo mbele yake na nyuma yake. Mimi nimefundisha maisha yangu yote, na bado nafungua kamusi."

Shamba la shangazi likapona. La Baba Tekla halikupona: msimu uliisha, yule bwana hakulirudisha. Alihangaika kijijini, akaenda hadi wilayani, lakini alama ya kidole chake ilikuwa pale pale. Mwishowe alifunga mizigo kwenda Mlimba, akalime mashamba ya watu. Nilikwenda kumuaga nikiwa nimedhamiria kumwambia ukweli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Asante, wewe ulinisomea vizuri. Yule mtu ndiye aliyegeuza maneno baadaye."

Mwanangu, sikumwambia. Nikaupokea mkono wake wa kuaga.

Leo mna simu zinazotafsiri, na nyie mnaziamini. Mimi nazishuku. Zinajibu upesi kama nilivyojibu mimi siku ile, na sijawahi kusikia simu ikisita. Neno gumu halinitishi sana, maana utauliza. Ninaogopa lile dogo unalodhani unalijua tangu shuleni. Ukipewa karatasi, iache ilale. Anayekuharakisha, mwache aondoke na haraka yake. Na ukiulizwa maana ya neno usilolijua, sema sijui, hata kama kijiji kizima kimekuzunguka. Utaona aibu siku moja tu. Mimi aibu yangu ninayo mpaka leo.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kusema sijui, akulindie ardhi yako na ya jirani yako, na akuepushe kabisa, mwanangu, na kushukuriwa na mtu uliyemponza.