Chumba Kilichokula Masikio ya Baba

Lango la ngome linagoma. Mama Mizinga analipiga teke, analiambia, "Visirani asubuhi yote hii!" nalo linafunguka. Upepo wa bahari unamjaa mdomoni. Anatema chumvi, anachukua fagio.

Jina hilo amepewa na wenzake, maana kazi yake miaka nenda rudi ni kuwatembeza wageni kwenye mizinga ya vita iliyoshika kutu juu ya jabali. Mshahara je?

"Tuuache ulale," anasema. "Ukiuamsha utataka chai."

Kicheko hakidumu. Mwisho wa mwezi ngome inafungwa. Bahari imelila jabali kwa chini mpaka nyufa zimepanda ukutani, na wakubwa wamekata shauri: chumba cha chini kitajazwa zege, wageni basi. Yeye karibu anastaafu, kazi si kilio chake. Kilio chake ni chumba hicho.

Wageni wa leo ni mtu na mkewe. Anawashusha ngazi zenye unyevu hadi lilipokuwa ghala la makombora. Anawaeleza kwamba mizinga iliwekwa kuzisubiri meli za adui, na meli hazikutokea. Vita vyote ilipiga maji tu, kwa mazoezi.

"Kwa hiyo haikumdhuru mtu?" mume anauliza.

"Ilimdhuru baba yangu."

Baba yake alikuwa mpakia makombora, kijana hata ndevu hana. Amri ilikuwa mlango wa chuma wa ghala ufungwe kabla mzinga haujalia. Lakini mlango ulikuwa mzito kama deni, na siku aliyokuja mkubwa kupima kasi yao, vijana wakauzuia kwa kreti usijifunge, wasije wakaonekana wazembe. Mzinga ukalia. Kishindo kikashuka ngazi kikawakuta wamesimama. Masikio ya kijana yakatoka damu, na tangu siku ile hajasikia kitu.

Mama Mizinga alizaliwa miaka mingi baadaye, kitinda mimba.

"Kwetu, kumwita baba ni kupiga mguu sakafuni, ausikie kwa nyayo," anasimulia. "Siku moja kwa jirani nikasikia mtoto anaita 'baba!' na baba mtu anaitika 'naam'. Wallahi nilidhani wanacheza."

Mke wa mgeni anacheka, kisha anajishika mdomo.

Mzee yu hai bado, umri unaikaribia karne, anaishi na bintiye katika chumba na sebule. Ngomeni hajarudi hata siku moja. Juzi bintiye alimwomba, kwa lugha yao ya mikono, waje pamoja kabla ya zege. Mzee akatikisa kichwa. Akajibu kwa ile sauti yake kubwa ambayo mwenyewe haijui ukubwa wake, hata majirani wakasikia:

"Kishindo kile ndicho sauti ya mwisho niliyoisikia, mwanangu. Kiko kule kule. Unataka nikakisalimie?"

"Nikaenda kulia jikoni," anasema Mama Mizinga. "Mtu mzima, na kitunguu cha kusingizia sina."

Hakukata tamaa. Alibembeleza mpaka mzee akalegea nusu: atakuja, lakini atakaa nje langoni, kwenye kiti, hapo hapo na si hatua zaidi. Siku ya mwisho, kabla mafundi hawajamwaga zege, bintiye atashuka humu peke yake.

"Nitamwita kwa mdomo. 'Baba!' Kwa pumzi yangu yote. Sijawahi, hata nikiwa mtoto. Ningemwita nani?"

Na mzee asiposikia?

"Hatasikia," anasema, huku akiwaonyesha wageni njia ya kupanda. "Najua hatasikia. Lakini sauti yangu aliipotezea humu, hata kabla sijazaliwa. Acha walau niitoe humu mara moja."