Mwiba wa Mbasa Hotelini kwa Mama Mkwe

Nikikataa samaki kwenye sherehe za watu huwa wanadhani naringa, kwa hiyo leo acha niseme ukweli mcheke mmalize, maana mwiba ulionikwama kooni mbele ya wavuvi wote wa Lundo ulishushwa na mama mkwe wangu kwa mkono wake mwenyewe, siku nne kabla ya posa yangu kujibiwa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua kahawa, na Mbinga ikajaa wageni wenye kofia pana wanaonusa buni zetu kama wanatafuta kitu kilichopotea humo. Mimi nilikuwa bwana shamba, Mmatengo wa Mapera, kijana wa suruali yenye mkunjo wa pasi, na kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa hakichechemei sana nikapewa kazi ya kumtembeza mgeni mmoja, Bwana Persaud, mtaalamu wa kahawa kutoka Guyana, kule Amerika ya Kusini. (Nilikuwa nimejiandaa kumpokea Mzungu, akashuka mtu ambaye ungemkuta anauza vitenge Songea mjini, nikabaki namtafuta Mzungu nyuma yake.)

Jamani, yule mtu alijua kula, na sisemi kula sana, nasema kula kwa heshima. Siku ya kwanza hoteli ya mjini walimletea chipsi na kuku kwa kumwonea huruma, akavisogeza pembeni taratibu akauliza wapishi wenyewe wanakula nini mchana, na baada ya dakika kumi alikuwa anamega ugali na maharage na majani ya maboga kwa vidole vyake, anaandika jina la kila kitu kwenye kidaftari. Akatueleza kwamba kwao mtaa mmoja unamkuta Mchina anakaanga tambi, Mhindi anachoma chapati, mtu mweusi anapika wali na kunde za nazi kwenye sufuria moja, na wenyeji wa asili wa misituni ndio waliowafundisha wote kupika nyama kwa maji ya muhogo yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi na mazito, na Krismasi ikifika kila nyumba, iwe ya dini gani, inapika hiyo nyama. Mimi ambaye nilikulia nikiambiwa kwamba ugali wa muhogo ni wa Wanyasa wa ziwani na sisi watu wa milimani tuna mahindi yetu, niliona haya kidogo.

Jumanne akaomba tushuke Ziwa Nyasa akale samaki palepale wanapovuliwa, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza.

Nilikuwa na mchumba, Skolastika, mwalimu, mtoto wa Lundo, hukohuko ziwani. Barua ya posa ilishapokelewa, na Jumamosi ile wazee wangu walikuwa wateremke kusikia jibu, ambalo lilikuwa mikononi mwa mjomba wake, naye alishasema waziwazi kwamba Wamatengo anajua ni wachapakazi, ila anataka kwanza aone kama huyu ana adabu. Na mama yake Skola, mjane, ndiye alikuwa na hoteli ya nyasi pale ufukweni. Sasa kwetu, na kwao vilevile, mkwe na mama mkwe wanaogopana kwa heshima. Hampeani mikono, hamtazamani usoni, na kukaa ukatafuna chakula mbele yake wakati wazee bado hawajamaliza taratibu zao, ni sawa na kupita mbele yake bila nguo. Yeye alinijua kwa picha ndogo tu ya pasipoti, na mimi nilimjua kwa mgongo, kwa sababu siku moja kanisani Skola alinionyesha mgongo wake nikageukia ukutani upesi.

Tulipofika Lundo, vibanda vya chakula vilikuwa vitatu, na Bwana Persaud akaenda moja kwa moja kwenye kile kilichojaa watu (alisema mgeni mwenye akili hufuata foleni ya wenyeji). Mzee Nchimbi, dereva wetu, akanisogelea.

"Bwana shamba, unajua pale ni kwa nani?"

"Najua, mzee."

"Basi mwambie mgeni, atakuelewa."

Laiti ningemsikiliza. Lakini niliona aibu kumwambia mtu msomi, aliyebadilisha ndege mara tatu kuja kwetu, kwamba siwezi kuingia hotelini kwa sababu ya mama mmoja. Nikaona njia ya mkato. Nikamwomba Bwana Persaud aniazime kofia yake na miwani yake ya jua, nikadai kichwa kinaniuma, nikaingia nikakaa mkao wa kulipa jiko mgongo.

Mama akaja na jagi na beseni kutunawisha, akasema karibuni wageni, nami nikaitikia kwa Kiingereza. Hilo halikuwa kwenye mpango, lilinitoka tu. Akamuuliza Mzee Nchimbi kama hata huyu mrefu naye ametoka huko ng'ambo.

"Wote, mama," akasema mzee bila hata kupepesa jicho. "Huko kwao wapo wa kila rangi."

Mama akafurahi kweli, akatuletea chungu cha mbasa wa nyanya, ugali wa muhogo mweupe unaovutika, na dagaa wa kukaanga pembeni. Bwana Persaud alipoonja ule ugali akafumba macho, akaniambia muhogo umemkumbusha jikoni kwa bibi yake, akaomba nimwulize mama anaulowekaje. Nikamjibu sijui Kiswahili cha huku. (Mtu ambaye nilikuwa namtafsiria tangu Ijumaa.) Akanitazama, akarudi kwenye ugali wake.

Halafu mama, akiamini mimi sielewi neno, akakaa kwenye kigoda karibu na Mzee Nchimbi akaanza kupiga soga.

"Nina ugeni Jumamosi, baba. Mkwe wangu ni wa huko kwenu juu, bwana shamba. Kaka yangu ana wasiwasi naye, lakini mimi nimemwambia yule kijana ni mwenye haya, binti yangu ameniambia hata kanisani aliniona akageukia ukutani. Nimeshaagiza mbasa mkubwa kuliko huyu, kwa ajili ya watu wake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama wa watu amesimama kunitetea kwa kaka yake, na mimi nipo hatua mbili kutoka kwake na kofia ya kuazima, namtafunia samaki. Nikasema moyoni nile haraka niondoke. Sasa mbasa, wenzangu wa milimani mnisikilize, ni samaki mtamu ajabu lakini ana miiba kama sindano za fundi cherehani, na Mnyasa huwa anamla polepole kwa ulimi na vidole. Mimi samaki niliowazoea walitufikia Mapera wakiwa wakavu. Nikajaza mdomo, nikameza.

Mwiba ukasimama kooni. Nikanywa maji, bado upo. Nikakohoa, miwani ikaangukia kwenye mchuzi, na kile Kiingereza chote kikaniacha peke yangu.

"Mama yangu nakufa, nimekwamwa na mwiba!"

Kwa Kiswahili, tena kwa lafudhi ya Mapera. Hoteli nzima ikageuka. Mama hakuuliza lolote, akainuka, akafinyanga tonge kubwa la ugali wa muhogo, akanishika kidevu, akanisukumia mdomoni akisema, "Meza, usitafune. Meza." Kofia ikadondoka. Nikameza, mwiba ukashuka na tonge, nikafungua macho yaliyojaa machozi, tukatazamana uso kwa uso.

Nikaona anavyonitambua. Akajitupia kanga kichwani, akageuka, akakimbilia jikoni, na wavuvi waliokuwa wanacheka wakanyamaza mmoja mmoja kadiri walivyoelewa. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya gari, mikono inanuka mchuzi, najua kabla ya jioni mjomba atakuwa na habari yote na Skola nimempoteza kwa ujinga wangu.

Bwana Persaud akaja kukaa na mimi chini kwenye mchanga, nikamweleza yote. Hakucheka. Akasema kwao pia kuna nyumba ambako ukiingia unajua nani unamtazama na nani humtazami, na kama ningemwambia tangu garini tungekula mikate yetu ya safari chini ya kivuli na asingejali kabisa. Mpaka leo namheshimu mtu yule.

Mara Mzee Nchimbi akatoka jikoni, amebeba ile miwani, imeshaoshwa.

"Nimetumwa na mama," akasema. "Anasema leo hapa alipita mgeni wa Guyana akakwamwa na mwiba, akasaidiwa na muuza chakula. Mkwe wake hajamwona. Na wavuvi wote wameshaambiwa walichokiona, maana wanataka kuendelea kula hapo."

Nililia, na sioni aibu kulisema hilo.

Jumamosi wazee walipokewa vizuri, mjomba akakubali, na chakula kikaletwa na kina shangazi, kila mtu na kipande chake cha mbasa. Nilikiangalia changu kwa woga, nikakipekua kwa kidole, halafu nikakipekua tena. Kilikuwa kimetolewa mwiba mmoja mmoja, kama cha mtoto anayeachishwa ziwa.

Tangu siku ile, nikiwa na sababu ya kutokula mahali, naisema kabla sijashuka garini. Mama mkwe wangu ni mzee sasa, macho yake yamefifia, na hajawahi kuitaja Jumanne ile hata siku moja. Lakini kila tukishuka Lundo, sahani yangu hutoka jikoni imefunikwa, na samaki aliyemo hana mwiba hata mmoja.