Shifti Moja Hadi Amsterdam

Nilipomwambia mama kwamba nimealikwa Amsterdam kusoma sehemu ya riwaya yangu, na kwamba ndege huchukua saa nane na nusu kutoka Nairobi, hakushangaa hata kidogo.

"Hiyo ni shifti moja," alisema. "Tena wewe utakuwa umekaa."

Njia hiyo aliijua kuliko mimi. Tangu niko shule ya msingi amekuwa akipakia mawaridi katika shamba la maua hapa Naivasha, na mengi huishia Amsterdam. Hajawahi kupanda ndege, lakini zile kilomita elfu sita na zaidi anazipima kwa ua. Likatwe likiwa bado limejifunga, lilale kwenye chumba cha baridi, lipande mlima wa Mai Mahiu kwa lori, na likifika ng'ambo liwe ndio linaanza kufumbua jicho.

Jambo moja tu lilimkera. Kila mara supavaiza aliwaletea yeye na wenzake malalamiko ya wanunuzi: maua yamefika yameinamisha shingo. Lawama ikawaangukia wapakiaji. Mama hakuwahi kuona ua lake likiwa upande ule, kwa hivyo hakuwa na ushahidi.

"Angalia shingo," aliniambia asubuhi ya safari, mlangoni petu mtaani Kihoto, akinikazia skafu kama anayefunga shada. "Wewe mwenyewe, kwa macho. Usiulize muuzaji. Muuzaji ana maneno."

"Na nikipata zimeinama?"

"Uniambie hivyo hivyo. Mimi si mtoto."

Ndege ilipopaa nilicheka peke yangu hadi abiria wa kando akanigeukia. Ramani mbele yangu ilionyesha kilomita zikipungua, nami nilizifuata moja moja kama mtu asomaye barua. Jangwa lilikuja, likakataa kuisha. Kufikia saa ya tano ya safari miguu iliniuma, nami nimekaa. Nikamwona mama akilini, amesimama mezani kwake, shifti ikiwa imembakizia saa tatu na nusu.

Kesho yake, kabla ya kusoma, nilikimbia soko la maua. Kwenye ndoo ya tatu nikaona mawaridi yamefungwa kwa karatasi yenye mistari ya kijani. Niliijua kabla sijaisogelea: ndiyo karatasi ya shamba lao, aliyotuletea mama kila Januari kufunikia madaftari ya shule. Nikanunua shada, nikampigia mama simu ya video.

Kule shambani ilikuwa saa ya mapumziko ya chakula. Nyuma yake wenzake walibanana, magwanda ya kijani, gambuti miguuni, sahani mikononi.

"Sogeza. Inua juu. Geuza, pole pole," mama akaamuru.

Nikageuza. Shingo zote zilisimama wima.

Mama aliwageukia wenzake. Hakusema na mimi, alisema nao.

"Mmeona? Supavaiza ako wapi? Mwiteni. Kama anakula, aje na sahani."

Nikabaki katikati ya soko la watu, nimeinua mawaridi juu ya kichwa changu, mkono ukichoka, nikimsubiri supavaiza.