Aliyekuja Kumtaka Kashata

Msinicheke. Mjukuu wangu Nasra ndiye aliyenambia, "Nyanya, yaandike, usiyaache yakapotea." Shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu wa mtaa wetu huu wa Mji wa Kale ninayo yote kichwani, walio hai na waliotangulia. Na haya yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe.

Kashata ni paka. Nasra alimwokota mtaa wa Ganjoni, mifupa mitupu. Tukampeleka kwa daktari wa wanyama, Daktari Mwakio, akampima damu, kisha akavua miwani.

"Mama, ana kirusi cha lukemia. Dawa ya kukiondoa hakuna. Nyinyi hakiwapati, ila paka wenziwe watakipata kwa mate, wakila sahani moja au wakirambana. Asitoke nje. Na msitegemee miaka mingi."

Jirani yangu Bi Maryamu alinicheka. "Paka wazima wamejaa uchochoroni, wewe umekwenda kuchagua mgonjwa!"

"Sikumchagua, shoga. Amekuja kwetu."

Basi nikamlea. Mlango komeo saa zote. Samaki wake tafi namchambulia miba kwa vidole hivi. Akikataa chakula mlo mmoja tu, nishavaa buibui niko njiani kwa Mwakio.

Siku hiyo ilikuwa adhuhuri, wanaume wako msikitini, uchochoro kimya. Niko jikoni na tafi wangu, nikasikia, "Hodi." Na mimi, mdomo umezoea, nikaitika, "Karibu!" Hapo ndipo nilipokosea. Marehemu mamangu, Mwanaisha binti Kombo, alitufunza: hodi ya jua la utosi usiikaribishe mpaka mtu ajitaje jina.

Nilipotokea, mwanamke keshaketi ukumbini. Komeo liko vile vile nilivyolifunga, wallahi. Salamu hakutoa. Nje jua linachoma, yeye hana hata tone la jasho, na ukumbi mzima unanukia asumini.

"Nimekuja kumchukua paka," akasema. "Mgonjwa, hana mwenyewe. Wasio na wenyewe ni wangu."

Kashata akaanza kumwendea, pole pole, kama aliyeitwa. Yeye ambaye hamwendei mgeni yeyote! Ningefanya nini? Nimemkaribisha kwa kinywa changu, nitamfukuzaje? Nikamuuliza kama tunavyoulizana huku kwetu, "Wewe wa nani, mwanangu?"

"Binti wa Bi Time, nyumba ya pembeni."

Niamini, nusura nicheke. "Time binti Shee nilimwosha maiti yake kwa mikono hii, na hakuzaa. Dada yake Zainabu alizaa Ali na Hamisi. Dada yao Amina alizaa Salma peke yake, naye anaishi mtaa wa Buxton. Wewe humo."

Kila jina nililotaja, uso wake ulififia, kama kanga inayochujuka. Akauliza kwa sauti nyembamba, "Na huyu paka, wa nani?"

Nikasimama wima, na mgongo wangu huu unaouma. "Huyu ni Kashata wa Nasra, Nasra wa Salimu, Salimu wa Athmani, Athmani wa Omari. Ana kwao. Wewe mgeni nitakupa maji na tende. Mtu wa nyumba hii hapewi mgeni."

Kashata akasita. Akageuka, akarudi kuketi juu ya mguu wangu. Nilipoinua macho, kiti kitupu, na komeo mahali pake.

Huu ni mwaka wa nne. Kirusi bado kimo, sijidanganyi. Lakini Mwakio kila akimpima hutikisa kichwa: "Mama, huyu unampa nini?"

"Tafi asiye na miba," namwambia, kifua mbele. Bi Maryamu hacheki tena.

Ila mimi asumini sivai tena, hata harusini. Adhuhuri ikifika, Kashata huketi ameukabili mlango, na nikimnusa manyoya, yananukia asumini.

Basi wewe unayesoma: mnyama wako mgonjwa mpe jina leo, umhesabu katika watu wako. Na ukisikia hodi jua likiwa utosini, uliza kwanza, "Nani?"