Msumeno Uliozoea Mteremko

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuona mtu mzima akining'iniza mashine kwa kamba kama anayekisia uzito wa kuku? Mimi nilifanya hivyo wiki iliyopita, Sokon I, mbele ya karakana ya fundi. Nilitoka Njiro na chenso yangu, ule msumeno wa mnyororo unaotumia petroli, ambao nimeukatia miti ya uani kwa miaka mingi. Wakati fundi anatafuta spana, nikashika mpini wa kamba ya kuwashia na kuiinua mashine ikiwa imezimwa. Ikateremka hadi chini bila kusita hata kidogo.

"Basi, hii imefika mwisho," nikasema. "Nitanunua nyingine."

Fundi akaacha kutafuta. "Mama, hiyo nani kakufundisha?"

Nilimjibu kwa kifupi, kwa sababu wateja walikuwa wanamsubiri. Wewe nitakueleza yote.

Nilikulia kwa bibi, Nkoaranga, mahali ambapo hata kuku hutembea kwa kuegemea upande mmoja. Shamba letu lilishuka kutoka barabara ya juu hadi kijitoni: migomba, kisha kahawa, kisha majani ya ng'ombe. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kukata majani na kuyapeleka zizini kabla ya shule. Nikirudi, bibi alikuwa amepika loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa zikalainishwa kwa mtindi, na alinipakulia kwenye bakuli la bati lililokuwa baridi kwa nje.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa mpasuaji wa mbao. Kwetu huwezi kulipeleka gogo kwenye mashine kubwa, kwa sababu njia ni nyembamba na imeinama. Mashine ndiyo huufuata mti. Mgrivelia ukiangushwa katikati ya kahawa, unapasuliwa palepale ulipolala, halafu akina mama wanabeba mbao moja moja kichwani hadi barabarani. Mimi nilikuwa na kazi yangu hapo pia. Nilivunja betri kuukuu za redio, nikasaga ule mkaa wake, nikachovya uzi. Baba mdogo aliuvuta uzi juu ya gogo, akaudaka katikati na kuuachia, na mstari mweusi ulionyooka ukabaki. Msumeno ulitakiwa kufuata mstari huo.

Mwaka ninaokuambia, msumeno uliacha kufuata. Ulianza vizuri, kisha ukakunja taratibu kuelekea bondeni. Jirani yetu alikuwa ameezua nyumba yake na anangoja mbao za kenchi, na mvua za masika zilikuwa karibu. Alizitazama mbao sita za kwanza akamwuliza baba mdogo, "Shemeji, nilikuagiza mbao au mkungu wa ndizi?" Watu walicheka. Baba mdogo alicheka nao, lakini jioni hakumaliza chai yake.

Alikuwa amekwisha kuamua. Mashine imechoka, inatakiwa mpya, na kitu pekee nyumbani ambacho kingeweza kuileta kilikuwa mtamba wangu.

Hapo ngoja nikueleze vizuri. Bibi alikuwa na kawaida yake. Kila mjukuu aliyelelewa pale alipewa mtamba, na mtamba huyo hakuuzwa mpaka mjukuu mwenyewe amfungue kamba kwa mkono wake. Hata kama mjukuu ana miaka tisa. Nilimpata wangu angali ndama, nikamlisha kwa majani niliyokata mwenyewe, na mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kila asubuhi nilikuwa naweka kiganja ubavuni mwake nione kama ndama amecheza.

Baba mdogo alikwenda kwa bibi kwanza. Bibi hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua. "Ng'ombe si wangu," alisema. "Mwulize mwenyewe."

Akaja zizini. Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nimepewa jina la bibi.

"Mama, nina ombi. Nikipata mashine mpya, jirani ataezeka kabla ya mvua. Nisipopata, nani ataniita tena? Mtamba nitakurudishia mwingine."

Sikumkatalia. Mtu mzima alikuwa ameniomba, na nilijua kwamba watoto wake walikuwa wanakula kwa msumeno ule. Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua tangu mbao zile sita, nikauliza tu: "Baba mdogo, mashine ikichoka, kwa nini inakunja kushuka peke yake? Mbona haikunji kupanda?"

Alijikuna kidevu. Kisha akasema kesho tutamwita fundi wa Tengeru, nimwulize swali hilo yeye.

Fundi alikuja kwa miguu kutoka barabarani, akihema. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na baba mdogo akamwambia, "Huyu ndiye mwenye swali. Mimi nimekuja kusikia jibu."

"Aha, mhandisi," fundi akasema. "Sogea basi, uone."

Alinifundisha kama unavyomfundisha mtu aliyekuletea kazi. Kwanza alishika mpini wa kamba akaining'iniza mashine. Ilishuka kidogo, ikasita, ikashuka tena, ikasita. "Unaona inavyogoma? Hiyo ni pumzi, hewa inayobanwa ndani ya injini. Injini ingekuwa imelika, ingeanguka moja kwa moja." Halafu akafungua nati mbili, akautoa ule upanga wa chuma ambao mnyororo huzunguka juu yake. Ukingo wa upanga una mfereji, na mfereji una midomo miwili. Akaushika mkono wangu, akapitisha kidole changu kwenye ukingo wa chini. Mdomo mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Ungeweza kuuhisi ukiwa umefumba macho.

"Kaka, ukipasua unasimama upande gani?" alimwuliza baba mdogo.

"Upande wa juu. Nani asimame chini gogo limlalie?"

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na upanga huu umewahi kuugeuza?"

Baba mdogo akanitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia kujibu.

"Mashine haijachoka," fundi akasema. "Imezoea mteremko. Miaka yote umeilaza upande mmoja, nayo imelika upande mmoja."

Akaugeuza upanga, ukingo wa juu ambao haukuwa umelika ukawa chini. Akausawazisha kwa tupa, akanoa meno ya mnyororo upande mmoja na mwingine kwa idadi sawa ya mikwaruzo. Baba mdogo akawasha. Nilivuta uzi mwenyewe siku hiyo, na msumeno ukala mstari mweusi kutoka mwanzo wa gogo hadi mwisho. Jirani aliuinua ubao, akafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake, akasema, "Sasa hii ni mbao."

Mtamba wangu alizaa wiki ambayo jirani alipigilia bati la mwisho. Baba mdogo ndiye aliyemshika ndama miguu wakati anatoka. Hakusema lolote kuhusu ombi lake, na mimi sikumkumbusha.

Siku hizi nikipanda Nkoaranga sisikii chenso. Mbao zinakuja kwa lori, zimenyooka tayari. Mahali pa kahawa pana nyumba zenye uzio, na uzi uliochovywa mkaa wa betri watoto hawaujui. Bibi hayupo, baba mdogo hayupo. Ninachokikosa zaidi ni ile desturi ya mtu mzima kuja hadi zizini kumwomba mtoto, akasubiri jibu, na akiulizwa swali asilolijua, akakubali kwamba halijui.

Kwa hiyo msumeno wako ukianza kukunja, zima injini, iache ipoe, vaa glavu, fungua nati, pitisha kidole kwenye midomo miwili ya upanga. Kama mmoja ni mfupi, ugeuze upanga kabla hujauza chochote.